Chapa Juu ya Chapa

"Tangu ng'ombe wa kwanza akanyage Montana, kaunti hii haijawahi kumpigia kura rais wa chama chenye nembo ya punda!" alitamba mzee mwenye kofia pana, ndani ya basi dogo linalopeleka wazee kliniki.

Arlene Tveit, aliyekaa nyuma yake, alikuwa ameapa kutogusa siasa mpaka apimwe presha. Kiapo kikafia hapohapo.

"Mwongo mkubwa wewe! Baba yangu alikuwa mfugaji, na rais wa chama hichohicho ndiye aliyemletea umeme. Bonde zima lilikuwa la punda! Kisha mkahamia kwa wapinzani wao, chama cha tembo, uchaguzi baada ya uchaguzi. Hebu niambie, ng'ombe aliyepigwa chapa mpya juu ya chapa ya zamani, mnasemaje?"

Mzee alikohoa. Mfugaji gani asiyejua? "Kaibwa."

"Basi! Tumeibwa mchana kweupe, na wewe unachekelea!"

Basi likasimama mlangoni pa kliniki. Mzee akageuka, uso umemwiva kwa hasira.

"Au kauzwa na mwenyewe, mama. Machinjio yetu yalipofungwa, nani wa chama chenu alikuja hata kutupa pole?"

Arlene akafungua mdomo. Dereva akafungua mlango.