Bi. Pauline Wavinya na Jumamosi za Wasiojua Muziki

Leo Ijumaa, tarehe 31 Agosti 2007, Bi. Pauline Wavinya anastaafu baada ya kuhudumu miaka ishirini na miwili katika Ukumbi wa Ngwatanio hapa Machakos. Aliajiriwa Septemba 1985 akiwa karani wa ukumbi, na anaondoka akiwa karani wa ukumbi. Barua yake ya kazi ilimtaka atunze funguo, aandike vikao katika daftari na ahakikishe viti vimerudishwa mahali pake. Hayo yote aliyafanya vizuri sana. Lakini watu waliojaa hapa leo hawakuja kwa sababu ya viti.

Wamekuja kwa sababu ya Jumamosi. Tangu mwaka 1992, kila Jumamosi saa nane mchana, Bi. Pauline ameendesha darasa la kutunga muziki kwa watu ambao hawajawahi kujifunza muziki. Mwezi Juni mwaka huu kamati ya ukumbi iliandika barua ikiuliza ni nani atakayeliongoza darasa hilo akishaondoka. Kama hakuna, ilisema barua, kuanzia tarehe 1 Septemba ukumbi ungetolewa kwa sherehe za harusi kila Jumamosi. Tangu siku hiyo kundi zima limekuwa na swali moja tu: Je, Jumamosi zitabaki? Maandishi haya yanaeleza pia jinsi swali hilo lilivyopata jibu. Kuhusu mambo ya zamani tuliwauliza watu kumi na wanne. Pale walipotofautiana, tumeandika lililosemwa na wengi, isipokuwa pale ambapo Bi. Pauline mwenyewe alisema kwamba wengi wamekosea.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba Bi. Pauline si mwanamuziki. Alizaliwa Ndithini, na akiwa msichana alikuwa katika kwaya ya kanisa lao kwa miaka sita. Katika miaka hiyo sita kazi yake ilikuwa kubeba jagi la maji na kuhesabu kanzu. Alipojaribu kuimba, aliambiwa kwa upole asimame nyuma na afungue mdomo bila kutoa sauti. Anasema hakukasirika. Anasema alipata nafasi nzuri ya kusikiliza.

Mwaka 1992 shule moja ndogo ya muziki ilifungwa, na vyombo vyake vibovu vikaletwa katika stoo ya ukumbi. Kulikuwa na marimba iliyokosa vibao vitano, magita mawili yenye nyuzi tatu tatu, ngoma iliyowambwa upande mmoja tu, na kamba ya kengele za mbuzi. Kamati ilimwambia avitupe. Bi. Pauline aliomba wiki moja, kisha akabandika karatasi mlangoni: “MUZIKI KWA WASIOJUA MUZIKI. JUMAMOSI SAA NANE. WANAOJUA WASIJE.”

Jumamosi ya kwanza walikuja watu wanne. Ulikuwa mwaka wa ukame, na wawili kati yao walidhani kuna mahindi ya msaada. Mmoja wao alikuwa Mzee Kioko, mwendeshaji wa kinu cha kusaga unga kule Kyumbi, ambaye alikuja na gunia. Alipoambiwa kwamba hakuna mahindi, aliuliza, “Sasa mmeniita nifanye nini?” Bi. Pauline akampa ngoma. Gunia lile alilikalia kwa miezi kadhaa kwa sababu viti vilikuwa vigumu.

Namna yake ya kufundisha ilikuwa ya pekee. Ilikuwa marufuku kupiga wimbo unaojulikana. Mtu wa kwanza alitoa sauti moja na kuirudia. Wa pili alisikiliza mpaka apate pengo, ndipo aingie, na wa tatu hivyo hivyo. “Sikiza pahali hakuna mtu, ingia hapo,” ndivyo alivyosema, na mara nyingi ndilo somo lote alilotoa siku hiyo. Sheria yake nyingine ilihusu makosa. Mtu akikosea mara moja, alirekebishwa. Akikosea vilevile mara tatu, hakurekebishwa tena: kosa hilo liliingia katika wimbo, na wengine wote wakajipanga upya kulizunguka.

Sheria hii ndiyo iliyoleta aibu ya mwaka 1997, ambayo sasa tunaisimulia kwa furaha. Mzee Kioko, kwa sababu ya kelele za kinu, hasikii vizuri kwa sikio la kushoto. Katika wimbo ambao kundi liliutunga kwa ajili ya siku ya wazi ya ukumbi, ngoma yake ilichelewa kidogo kila mara. Ilichelewa mara tatu, basi ikaingia katika wimbo. Kwa wiki nane watu wote walijifunza kumsubiri. Marimba ilimsubiri, magita yakamsubiri, na wimbo ukawa na mwendo wa kuchechemea uliopendeza sana.

Mzee Kioko peke yake ndiye ambaye hakuambiwa. Aliona haya kwamba anachelewa, kwa hivyo kila jioni alifanya mazoezi nyumbani huku mke wake, Katunge, akimpigia mwiko kwenye sufuria. Siku ilipofika, mbele ya watu zaidi ya mia mbili, Mzee Kioko aliingia sawasawa kabisa. Wimbo ulianguka papo hapo. Gita moja lilinyamaza, lingine likaendelea peke yake kama mtu aliyepotea sokoni, na kengele zikaanguka sakafuni.

Bi. Pauline alisimama. “Mzee Kioko, nani amekufundisha?”

“Ni Mama,” akasema Mzee Kioko, akionyesha kwa kijiti cha ngoma.

“Aiya! Katunge, umetuharibia wimbo!”

“Nimewatengenezea mtu!” Katunge akajibu kutoka kiti chake. “Kama mlitaka akiwa mbovu, mngesema!”

Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Bi. Pauline alimwomba Mzee Kioko achelewe kama zamani, lakini hakuweza tena. Alijaribu mara nne, na mara zote nne aliingia sawasawa. Ndipo kundi likauvunja wimbo na kuujenga upya pale pale jukwaani, mtu mmoja mmoja, kwa muda wa dakika ishirini, na watu wakatazama jinsi unavyofanywa. Jumamosi iliyofuata walikuja wageni thelathini na mmoja. Ukumbi haujawahi kuwa na tangazo zuri kuliko lile.

Tungependa kutaja pia mambo ambayo hayakuchekesha. Mwaka 1999 alikuja Bi. Warigia, ambaye huuza nguo za mitumba Tala. Mume wake alikuwa amezikwa wiki mbili kabla. Aliketi kwenye marimba na kupiga kibao kimoja, kilekile, Jumamosi baada ya Jumamosi, na hakuzungumza na mtu. Bi. Pauline hakumuuliza chochote. Aliwaambia tu wengine watunge kuanzia kibao hicho. Jumamosi ya kumi Bi. Warigia alipiga kibao cha pili, na watu wanaokumbuka siku hiyo wanasema walijifanya hawakusikia, ili wasimwaibishe. Leo ndiye mpigaji wetu hodari wa marimba, na kuhusu kuzungumza, hakuna anayemshinda.

Mwalimu Reuben aliyashuhudia hayo mwaka uliofuata. Yeye ni mwalimu wa kwaya mwenye cheti, na alikuja na chaki ili atusaidie kuandika nyimbo zetu ubaoni. Bi. Pauline alimkaribisha kwa heshima zote, akachukua chaki, na akampa gita, chombo ambacho hakuwahi kukishika. Bi. Warigia akamvutia kiti. “Mwalimu, hapa sisi wote ni darasa la kwanza. Kaa chini.” Mwalimu Reuben ameketi kwa miaka saba sasa.

Katika daftari la Bi. Pauline kuna majina mia sita na kumi na moja ya watu waliopitia darasa hili: mafundi cherehani, wakulima, wachuuzi, askari mmoja wa magereza, na mchungaji aliyetaka jina lake lisisomwe. Kundi limepiga muziki katika masoko ya Tala na Kyumbi, na mwaka 2003 lilialikwa katika maonyesho ya kilimo, ambapo lilipewa nafasi kando ya mabanda ya ng’ombe na kuwavuta watu wengi kuliko ng’ombe.

Sasa turudi kwenye barua ya Juni. Kamati haikuwa na nia mbaya. Ilitaka jina la mtu, na ilipendekeza Mwalimu Reuben. Wengi wetu tulishukuru, tukadhani mambo yamekwisha. Ni Mwalimu Reuben mwenyewe aliyekataa. “Nikishika mimi, baada ya mwezi mmoja itakuwa kwaya,” alisema. “Najijua.” Bi. Pauline naye alikataa kutaja mtu mwingine. Alisema darasa likihitaji mtu mmoja, basi hajafundisha kitu. Kamati ikasema itakuja tarehe 18 Agosti kuona kama darasa linaweza kusimama bila yeye.

Jumamosi ya kwanza ya Julai Bi. Pauline alifungua mlango, akatoa kiti nje, akaketi kwenye baraza akichambua ndengu. Ndani tulisubiri dakika ishirini na tano. Hatimaye Mzee Kioko alitoka kumuuliza, “Madam, tuanze?” Akajibiwa, “Unaniuliza mimi? Mimi niko likizo.” Siku hiyo haukutungwa wimbo wowote.

Jumamosi ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Bi. Warigia na Mzee Kioko walibishana juu ya nani aanze, na ili kuleta amani kundi likapiga wimbo wa kanisani ambao kila mtu anaujua. Ulikwenda vizuri mno. Katikati ya ubeti wa pili dirisha liligongwa. “Huo tunaujua!” Bi. Pauline alipaza sauti kutoka nje, kisha akarudi kwenye ndengu zake. Tulirudi nyumbani tukiwa na hofu, na baadhi walianza kusema kwamba labda harusi ni kitu kizuri pia.

Jumamosi ya nne aliingia mgeni, Bi. Kalunde, fundi wa cherehani ambaye hakujua kwamba tuko katika shida. Alichukua kengele na kuuliza aanze vipi. Watu wote waligeuka kutazama barazani, ambako Bi. Pauline aliendelea kuchambua ndengu. Ndipo Bi. Warigia alipoinuka, akakishika kiti cha mgeni na kukigeuza kikatazama ukuta. “Ukiangalia mikono yetu utatuiga,” akamwambia. “Angalia ukuta. Ukisikia kitu kinakosekana, weka.” Jambo hilo Bi. Pauline hakuwahi kulifundisha. Bi. Kalunde aliweka kengele mahali ambapo hakuna mtu angefikiria, na wimbo ukaanza. Nje, wanasema, sauti ya ndengu kuanguka katika ungo ilikoma kwa muda mrefu.

Tarehe 18 Agosti wanakamati watano walifika tukiwa katikati ya kazi. Mwenyekiti alisimama mlangoni na kuuliza kiongozi wetu ni nani. Hakuna aliyemjibu, si kwa ukosefu wa adabu, bali kwa sababu kila mtu alikuwa anasikiliza wimbo. Akauliza tena. Bi. Kalunde, ambaye alikuwa na wiki tatu tu darasani na hakumjua mwenyekiti ni nani, alisema bila kugeuka kutoka ukutani, “Mzee, ingia ama utoke, lakini funga mlango. Upepo unatupigia kengele.”

Mwenyekiti aliingia na kufunga mlango. Aliketi dakika arubaini na kofia magotini, na wanakamati wenzake wanne nyuma yake. Walipoondoka walisema asante tu. Jumatano iliyofuata tulipokea barua. Inasema kwamba Jumamosi saa nane zitabaki kuwa za darasa, kwamba jina la kiongozi halitahitajika, na kwamba ufunguo utashikwa na wanadarasa kwa zamu. Zamu ya kwanza ni ya Bi. Kalunde.

Bi. Pauline, unarudi Ndithini kwenye shamba lako na kwa wajukuu wako. Tunakushukuru kwa sababu ulitupa kitu ambacho wewe mwenyewe ulinyimwa, na hukukitolea masharti. Tunakushukuru pia kwa wiki zile za barazani, ambazo tunajua zilikuwa ngumu kwako kuliko kwetu. Tunakuombea afya, mvua ya kutosha, na siku nyingi za kupumzika.

Jana uliuliza kama unaweza kuja kesho, usikilize tu kutoka barazani, usiingie. Kundi lilikaa na kuzungumza juu ya ombi hilo, na limekataa. Kesho saa nane tutakuwa na kazi, na ukiwa barazani tutageuka kukutazama. Tafadhali njoo Januari, na uingie ndani.

Imeandikwa kwa niaba ya kundi la Jumamosi na Winrose Mwende, Kidato cha Tatu.