Arobaini Mguu wa Kushoto, Arobaini na Tatu wa Kulia

Wasikilizaji wapendwa, mezani kwangu hapa studio kuna jozi ya viatu. Vyeusi, vya kamba, soli mpya ambazo hazijakanyaga hata zulia. Cha kushoto ni namba arobaini. Cha kulia ni arobaini na tatu. Msidhani fundi alisinzia. Vimeshonwa hivyo makusudi, kwa ajili ya mtu mmoja tu, na mtu huyo tulimzika Jumamosi, wiki mbili zilizopita, bila viatu hivi. Mtu huyo ni Baba Askofu wetu.

Mmenizoea kwa utani. Leo nitajitahidi, lakini nina hasira, na ni bora mjue mapema.

Alizaliwa mtoto wa pili wa fundi viatu. Wa kwanza alikuwa dada yake, ambaye mpaka leo ana kibanda cha viatu nyuma ya stendi, na mtaa mzima unamwita Bibi Gundi. Mvulana alipokuwa na miaka saba, gurudumu la mkokoteni lilimpita mguuni. Mguu wa kushoto. Mifupa iliunga vibaya, na tangu hapo mguu huo ukawa unakua kwa kusuasua. Wa kulia ukaendelea na safari zake kama hakuna kilichotokea. Alipomaliza kukua, tofauti ilikuwa namba tatu nzima. Sasa nenda dukani ukaulize viatu vya hivyo, uone muuzaji atakavyokutazama.

Baba yao alimshonea jozi ya kwanza. Baba alipofariki, nyundo ikashikwa na dada. Miaka hamsini na moja, wasikilizaji. Kwa miaka hamsini na moja Baba Askofu hakuvaa kiatu ambacho hakikutoka mkononi mwa dada yake. Likumbukeni hilo, maana kuna watu wazima wenye suti walilisahau.

Seminari nusura wamkatae. Gambera, yaani padre mkuu wa seminari, alimtazama anavyochechemea, akamuuliza, "Padre husimama altareni saa nzima. Wewe utasimama na nini?"

"Na viatu vya dada, Padre."

Gambera akacheka, akamwandika.

Siku ya upadrisho, kama mjuavyo, anayepewa daraja hulala kifudifudi sakafuni wakati wa litania ya watakatifu. Uso chini, soli nje, kanisa zima linaziona. Bibi Gundi anasimulia: "Watu wanaimba, wanalia, mimi macho kwenye soli. Kulikuwa na msumari mmoja nimeupigilia upande. Nikasema, ee Mungu, mwinue huyu haraka kabla mama hajauona."

Alipokuwa paroko alihudumia vigango kumi na kimoja, yaani makanisa madogo ya parokia, vingi kwa mguu. Walimjua kwa mlio. Kiatu kikubwa kilitua kwanza, ko. Kidogo kikafuata, ti. Ko, ti. Katekista mmoja aliyependa kusinzia anakiri kwamba mlio huo ulimwokoa mara nyingi kuliko sala zake.

Kisha akawa askofu. Miaka ishirini na miwili. Wiki ya kwanza tu aliingia kanisa kuu akakuta viti vya mbele vina vibao vya shaba vyenye majina ya wakubwa. Hakuitisha kikao. Aliomba bisibisi kwa mtunza sakristia, yule anayetunza mavazi na vyombo vya Misa, akapiga magoti na kanzu yake nyeupe, akafungua kibao kimoja kimoja. Kila mwenye jina alirudishiwa chake ndani ya bahasha. Akasema, "Hapa anayewahi ndiye anayekaa mbele." Mmoja wa waliopokea bahasha ndiye aliyekuja kuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Huyu mzee tutamwita Mwenyekiti, maana hata mkewe, nasikia, humwita hivyo.

Kila Jumatatu Baba Askofu alikwenda kibandani kwa dada yake. Wateja wakisimama kwa heshima, Bibi Gundi anawakemea: "Kaeni. Baba Askofu ni huko kanisani. Hapa ni mdogo wangu. Wewe, vua kiatu." Naye anavua. Anakaa juu ya kreti, na watu wanamweleza mambo ambayo ofisini wasingethubutu. Ni vigumu kumwogopa mtu ambaye kidole gumba chake kinakuchungulia kwenye soksi.

Na kila Alhamisi Kuu aliosha miguu ya watu kumi na wawili, kama Ibada inavyotaka. Alipiga magoti, akaosha, akafuta, akabusu. Mwenyekiti alikaa kwenye viti vile kumi na viwili mara sita. Mara sita alioshwa. Nalo hilo mlikumbuke.

Baba Askofu alifariki Jumapili, hospitalini, moyo ukiwa umechoka. Bibi Gundi aliambiwa akiwa kibandani. Hakufunga kibanda. Alikata ngozi, akashona jozi hii iliyo mbele yangu kwa siku tatu. Alitaka kitu kimoja tu: mdogo wake azikwe na viatu vinavyomkaa. Kitu kimoja. Hakuomba hotuba, hakuomba hata kiti.

Jumatano akavipeleka nyumba ya askofu. Mwenyekiti alimpokea mlangoni. Wasikilizaji, mazungumzo haya nimeyapata kwa Bibi mwenyewe na kwa mtunza sakristia aliyekuwa amesimama pale.

"Mama, pole sana. Viatu tumeshanunua. Ngozi safi, vimetoka ng'ambo."

"Namba ngapi?"

"Arobaini na mbili."

"Mguu upi?"

Mwenyekiti akacheka, akidhani majonzi yamemchanganya mama wa watu. "Mama, viatu huuzwa viwili."

"Ninajua vinavyouzwa, mwanangu. Nauliza mguu upi."

Akamwambia aende akapumzike. Miaka ishirini na miwili alikaa meza moja na askofu, mara sita mtu huyo alipiga magoti mbele yake na kumwosha miguu, na hakuwahi hata siku moja kuinamisha macho aone anayemwosha amevaa nini.

Kwa nini viatu viliwashughulisha hivyo? Kwa sababu padre hulazwa kanisani kichwa kikielekea altare, miguu kwa waumini, kama alivyozoea kusimama akiwatazama. Jeneza likiwa wazi, ukiingia, kitu cha kwanza kukutana nacho ni viatu. Kamati ilitaka ving'ae mbele ya wageni.

Jumamosi tukafika. Viti vya mbele vilikuwa kwa kadi. Ndiyo, kanisa lile lile la bisibisi. Majina yalirudi yakiwa yameandikwa kwenye karatasi za dhahabu. Bibi Gundi hakupewa kadi. Kijana wa getini alimwambia, "Shikamoo Bibi. Orodha ya familia ninayo, lakini jina lako halimo." Orodha ya familia ya marehemu iliandikwa na watu ambao hawakujua marehemu ana dada.

Sasa nije kwangu, maana hasira ikiwaonea wengine tu inakuwa umbea. Mimi ndiye niliyetangaza Misa ile moja kwa moja. Nilisimama hatua tano kutoka kwenye jeneza, nikawaambia, "Wasikilizaji, Baba Askofu amependeza. Viatu vinang'aa hata unaweza kujitazama." Maneno yangu hayo, nayameza leo bila maji. Bibi Gundi alikuwa nje ya geti, mfuko wa viatu mapajani, redio ndogo sikioni. Alinisikia.

Juzi mtunza sakristia alikwenda kibandani kumwomba msamaha. Yeye ndiye aliyemvalisha. "Cha kulia kilikataa kuingia," alimwambia. "Wakaniambia nipasue kisigino kwa wembe, kitafunikwa na joho. Cha kushoto kilikuwa kinapwaya. Wakaniambia nijaze karatasi." Karatasi gani? Vijitabu vya Misa vilivyobaki. Vile vyenye picha yake jaladani.

Jana Bibi akaja hapa redioni. Aliweka viatu mezani akasema, "Mjukuu wangu, ulisema vinang'aa. Sikukatalii, vilikuwa vinang'aa. Sasa sema na kilichobaki." Nimesema, Bibi.

Ila kuna nyongeza, na hii ndiyo iliyoninyima hamu ya kula. Taarifa za viatu hivi zimeshasambaa, na Mwenyekiti ametuma mtu kibandani. Kamati inaandaa chumba cha kumbukumbu, na sasa inaviomba viatu hivi. Viwekwe kwenye kabati la kioo. Kuna hata kibao cha shaba, kimeandikwa kwa hisani ya nani, mnaweza kubahatisha. Nilimuuliza Bibi amejibu nini. Alikuwa anafunga mkoba wake, hakuniangalia hata.

"Nimemwambia aje avivae. Vikimkaa, achukue."

Kwako Bibi Gundi, na kwa watoto wako na wajukuu wako ambao pia hawakuwa kwenye orodha, pole sana kutoka kwetu sote. Mungu amlaze mdogo wako mahali pema. Na kwenu wasikilizaji wapendwa, sina mahubiri, mimi si padre. Ila kuna mtu anayekupikia, anayekufulia, anayekuombea. Leo akipita mbele yako, inamisha macho umtazame miguu.

Bibi amevikatalia kabati, ameviacha kwangu hadi kipindi kiishe, kisha atavichukua. Kanisa kuu sasa lina zulia jipya, hatua hazisikiki tena. Kwa hiyo ninavaa kimoja kila mkono, navisogeza karibu na kipaza sauti, navitembeza mezani taratibu. Mliokaa nyuma kanisani miaka ile, mliokuwa mkijua anakuja kabla hamjamwona, sikilizeni.

Ko, ti. Ko, ti. Ko.