Vidonge vya Brashi

Benchi letu liko ubavuni mwa duka la kinyozi, kwenye ukuta alioupaka rangi Brashi, fundi rangi wetu, mwenyewe kabla mwili haujamgeuka. Miaka miwili sasa anaumwa: leo bega, kesho nyonga, keshokutwa hata shati likimgusa anaruka. Vipimo vyote visafi. Mwezi uliopita daktari akaupa ugonjwa jina, fibromialjia, akamwandikia kidonge kimoja kila siku kabla ya kulala. Asubuhi hiyo Brashi alikuja kunywa kahawa kakunja uso, pakiti ya dawa mkononi.

— Jamani, nimesoma karatasi ya ndani. Eti hii ni dawa ya sonona!

— Nilijua tu, alidakia Kinyozi, mkasi hewani. Daktari kakuona chizi, kaona haya kukwambia.

— Mimi si chizi. Naumwa.

— Hata machizi husema hivyohivyo.

Wakili, ambaye joho hajawahi kulivaa, kazi yake kuchonga funguo, akaweka kikombe chini.

— Tusikilizane. Maumivu yanayohamahama si ugonjwa, ni mgeni. Na wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wako ana miaka miwili! Nenda kalime.

— Nilime na mgongo huu?

— Si ndiye mgeni atakayelima? Wewe utamsindikiza tu.

— Acheni hizo, alisema Kinyozi. Ni rangi. Miaka ishirini anaivuta puani, imeshaingia kwenye damu. Mkwaruze hapo uone, atatoka kijani.

— Krimu, alisahihisha Wakili. Nyumba ya mwisho ilikuwa krimu.

— Basi dawa ya moto ni moto! Tumkande kwa ngumi, maumivu yakutane na wenzao.

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Brashi naye alicheka, kisha akamtupia Wakili pakiti.

— Chukua. Kuanzia leo simezi.

Hatukumwona mkewe. Alikuwa amesimama nyuma yetu, kikapu begani.

— Shemeji zangu, hamjambo? Nyinyi mnashinda naye hapa kutwa. Hebu niambieni, mara yake ya mwisho kuugulia maumivu ilikuwa lini?

Kinyozi akapangusa mkasi ambao haukuwa na unywele.

— Hamjui. Mimi najua: Alhamisi ya wiki juzi. Sasa analala mpaka kunakucha. Jumapili kambeba mwanawe, mwaka mzima alikuwa hajamgusa, kambeba mpaka akakojolewa na bado hataki kumshusha! Daktari alituambia, dawa ni hiyohiyo ya sonona, ila hutuliza na mishipa ya fahamu. Haiyamalizi maumivu, inayapunguzia kelele. Na haiachwi ghafla.

Brashi akanyoosha mkono kwa Wakili.

— Lete.

— Ngoja kwanza, nami jino linanisumbua...

— Jino lina daktari wake. Lete!