Dirisha Lisilosema Njoo Kesho

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutunza masjala yetu, Mama Saa Kamili anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Jina hilo tulimpa kwa utani, kabla hatujajua tabia yake ya kutaja saa kamili imetoka wapi.

Alipoanza kazi alikuwa kama sisi wengine: mwananchi akifuata faili lake, anaambiwa njoo kesho. Miaka kumi na saba iliyopita, nyumbani alikuwa na binti wa miaka sita, mwenye usonji. Siku moja alimpigia simu kumwambia anakuja sasa hivi, kisha kikao kikamchelewesha saa mbili nzima. Alimkuta mtoto mlangoni, viatu miguuni, amelia hadi sauti imemkauka. Majirani walisema kadekezwa. Mama alijua kuwa mtoto aliamini tu alichoambiwa, na hilo lilimuuma.

Tangu hapo hakusema tena "sasa hivi", nyumbani wala dirishani. Mwananchi aliambiwa Jumatano saa tano, na Jumatano saa tano faili lilikuwa mezani. Tulimcheka sana. Halafu foleni yake ikaisha, zetu zikabaki, tukaanza kumwiga kimyakimya.

Mkuu wetu wa kitengo alikuwa mzito kujifunza. Binti alipomfuata mama yake kazini, mkuu alimwomba asubiri dakika moja. Binti akahesabu kwa sauti hadi sitini, akafungua mlango wa chumba cha kikao na kumjulisha kuwa imekwisha. Kikao kilivunjika kwa vicheko, na mkuu ndiye aliyecheka kuliko wote.

Binti sasa ana miaka ishirini na mitatu. Mama hakutuficha kwamba anaiogopa Jumatatu. Kila siku ya kazi humuaga saa moja na nusu asubuhi, na utaratibu ukivurugika binti huumia kweli. Kwa miezi miwili wamekuwa wakiipitia pamoja kalenda ya jikoni. Juzi alikuta binti amefuta maneno "Mama haendi kazini" na kuandika yake: "Saa moja na nusu, tunatoka wote." Alituonyesha picha kwenye simu. Tulilia, tusidanganyane.

Asante, mwenzetu, kwa kutufundisha kutimiza neno. Tunawatakia wewe na binti asubuhi njema nyingi. Tungesema tutakuja kuwaona siku moja, lakini tunajua nani atasoma hapa. Tutakuja Jumamosi, tarehe 8 Julai, saa nne kamili. Mwambie binti ahesabu.