Wasifu wa Mama Yetu, Mkaguzi wa Taa za Pikipiki

Mama aliacha maagizo mawili kuhusu maneno haya: yasiwachoshe watu waliosimama juani, na yaliyotokea mwaka 2005 yasirukwe. Tutajitahidi kuyatimiza yote mawili.

Alizaliwa tarehe 17 Agosti 1961, mtoto wa nne na binti pekee wa fundi baiskeli na mkunga. Banda la babu lilikuwa limeegemea ukuta wa jikoni, kwa hiyo mama alijua kuziba pancha kabla hajajua kusoma.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1974 na sekondari mwaka 1978, kisha akaenda chuo cha ufundi kusomea umeme wa magari na pikipiki. Darasani walikuwa ishirini na wawili, msichana yeye peke yake. Siku ya kwanza mwalimu alimwambia, "Binti, darasa la ushonaji liko mlango wa pili."

"Nimeliona, mwalimu," akasema, akavuta kiti akakaa.

Ushonaji ulimfuata baadaye kwa njia nyingine. Mwaka 1985, mama akiwa fundi wa gereji, alikuja kijana mmoja fundi cherehani ambaye indiketa ya pikipiki yake ilikuwa haiwaki. Ikatengenezwa. Baada ya wiki akarudi nayo, na wiki iliyofuata tena. Mara ya tatu mama aliukagua waya akaona haukukatika wenyewe. Ulikuwa umekatwa kwa mkasi, tena mkasi mkali wa kukatia nguo. Akamwambia, "Ukitaka kuzungumza, zungumza. Waya haujakukosea." Walifunga ndoa tarehe 12 Aprili 1986, na Mungu akawajalia watoto watatu. Baba yupo hapa na anakiri kosa.

Tarehe 3 Januari 1994 mama aliajiriwa kuwa mkaguzi wa pikipiki kwenye uwanja wa ukaguzi wa vyombo vya moto. Alifuta vumbi kwenye kila taa kwa kitambaa alichokitundika mkandani, akawasha indiketa za kushoto, akawasha za kulia, akazunguka mbele na nyuma. Taa ikipepesa harakaharaka alijua balbu moja imeungua hata kabla hajaitazama. Waendeshaji walimwita Mama Kushoto-Kulia, naye aliitika.

Tarehe 6 Juni 2005, msambazaji magazeti mmoja aliwasha indiketa ili akate kona kulia. Lori lililokuwa nyuma likampita upande huohuo na kumgonga. Alikatwa mguu chini ya goti. Dereva wa lori alieleza, "Niliona taa ikiwaka, halafu ikazima. Nikajua ameghairi."

Pikipiki ililetwa uwanjani kuchunguzwa. Mama aliitambua, alikuwa ameipitisha wiki mbili nyuma. Usukani ukiwa umenyooka, indiketa iliwaka vizuri. Akaukunja kidogo kulia, ikazima. Nyuma ya taa kubwa kulikuwa na waya uliolika, na kila usukani ulipokunjwa, ulivutika ukaachia.

Akaenda kwa mkuu wake. "Hii niliipitisha mimi. Sikukunja usukani."

"Fomu haisemi ukunje usukani," mkuu akamwambia. "Huna kosa."

"Fomu haikukatwa mguu."

Siku iliyofuata alikwenda hospitali akamweleza mgonjwa yote. Mgonjwa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, naomba utoke." Akatoka. Jumamosi akarudi, akakataliwa tena. Jumamosi iliyofuata mke wa mgonjwa alimwekea kiti. Hatimaye mgonjwa akamwuliza, "Siku ile ulikuwa na haraka?"

"Hapana," mama akajibu. "Nilikuwa nimezoea."

Nyumbani hatukumwona akilia. Tulimwona akikosa usingizi na kula kidogo, na baba akimshonea magauni upya kwa kuwa ya zamani yalimpwaya. Kisha akaanza kwenda vijiwe vya pikipiki kila Jumamosi, kuwafundisha waendeshaji kupima taa zao kabla ya kuondoka: washa, kunja usukani mpaka mwisho, kushoto na kulia, tikisa waya, tazama tena. Wengine walimcheka. Mwaka uliofuata yule msambazaji magazeti alianza kufuatana naye, na aliposimama na magongo yake kusimulia yaliyompata, hakuna aliyecheka. Mwaka 2007 mstari mmoja uliongezwa kwenye fomu ya ukaguzi: "Kunja usukani pande zote mbili." Mama aliileta nyumbani nakala yake, akatusomea mezani, halafu akainuka akaenda kuosha vyombo.

Alistaafu Agosti 2021. Mwaka uliofuata madaktari waligundua kwamba moyo wake umetanuka. Alilazwa mara nne. Msambazaji magazeti alikuja kila mara, akakaa kando ya kitanda akimsomea habari, na mama akimwambia, "Hizo za siasa ruka." Msambazaji huyo hakuwahi kutamka kwamba amemsamehe, na mama hakuwahi kumwuliza.

Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa tatu asubuhi, baba alikuwa pembeni yake akipinda upindo wa shuka. Akamwuliza, "Umechoka?"

"Nimechoka vizuri," mama akasema, akafumba macho.

Ameacha mume, mabinti wawili, mwana mmoja, wakwe watatu, wajukuu watano, na kaka zake wawili. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani, wafanyakazi wenzake wa uwanjani, na waendeshaji wote mliomsindikiza leo.

Mama yetu apewe pumziko, na liwe la amani.