Wimbo Ambao Neville Aliukataza

Waliokuwapo studioni leo ni hawa: Neville Dacres, mpiga saksafoni na kaka wa marehemu; Janice Sugden, mpiga kinanda; Keith Ormondroyd, mpiga ngoma; nami mtangazaji wenu. Asiyekuwapo ni mmoja: Lorna Dacres, mwimbaji, aliyefariki Jumapili.

Wasikilizaji wapendwa, ukinitoa mimi, hao wanne ndio waliokuwa bendi ya Tanner Row, ya hapa Huddersfield. Bendi hiyo iliishi miezi kumi na tisa. Narudia: miezi kumi na tisa tu. Ilianza mwaka 1984 katika ukumbi wa kanisa, kwenye baridi iliyomlazimu Janice kupiga kinanda kwa glavu zilizokatwa vidole. Wimbo wao, "Hatua Saba", ulifika nafasi ya tisa nchini. Wakaalikwa kwenye televisheni.

Siku zile bendi haikuimba papo hapo. Ilifuatisha kanda kwa midomo. Kanuni ya televisheni ilitaka kanda hiyo irekodiwe upya kwa ajili ya kipindi. Bendi nyingi zilirekodi upya kwa adabu, kisha kwa siri zikaweka ile ya zamani, ya santuri iliyouzwa madukani. Kwa Tanner Row, aliyebadilisha kanda ni Neville. Hakumwambia dada yake.

Kamera zikawaka. Sauti ya Lorna ikajaa ukumbini, na midomo ya Lorna imefumbwa. Ubeti mzima. Nchi ikacheka. Wiki iliyofuata Lorna aliacha kuimba, na bendi ikafa.

Lorna akawa mkunga. Kila Jumapili alikula wali na maharage kwa kaka yake, na wimbo ule haukutajwa. Juzi Neville alikataza usipigwe hata mazikoni, Alhamisi.

"Mimi ndiye niliyemnyamazisha," alituambia. "Dada yangu mwenyewe."

Janice akaweka kikombe chake chini. "We mzee mkaidi! Kila nikiutaja wimbo huo, huyoo, unakwenda kuosha vyombo. Leo una mikrofoni usoni, huendi popote. Koo lake lilikuwa limekwisha, Neville. Daktari alimwambia kabla ya televisheni. Kwenye kanda mpya alikwaruza kama mlango mkuukuu."

"Alisema ni mafua."

"Angesemaje, nawe umeshaacha kazi kiwandani kwa ajili ya bendi?"

"Na mdomo? Mbona aliufumba?"

"Aliniambia, 'Janice, nilisahau kazi. Nilikuwa najisikiliza. Kumbe nilikuwa hivi!' Ulimpa sauti yake nzuri kwa mara ya mwisho, bwana."



"Nami miaka yote nikidhani alinikasirikia kwa kukimbiza mdundo," Keith akasema.

"Ulikimbiza kweli," Neville akajibu, akicheka huku akifuta macho.

Tunawapa pole familia ya Dacres, na akina mama wote waliojifungulia mikononi mwa Lorna. Nanyi, wasikilizaji wapendwa, kama kuna swali mnalolikwepa mezani, liulizeni wakati mwenye jibu bado anakula nanyi.

Neville aliivuta mikrofoni karibu, akawageukia wenzake.

"Alhamisi tunapiga 'Hatua Saba'. Sisi watatu. Mazoezi kesho saa nne asubuhi, kwangu."