Ufunguo wa Choo cha Kasungami

Sogeeni, wanangu, sauti yangu haifiki tena mlangoni. Graciella, nyumba hii ya Kasungami ni yako. Bénit, chukua cherehani, na msigombanie sufuria kabla mwili wangu haujapoa. Sasa tuje kwa Daktari Aristote.

Mlimwona alipokuja kuniomba nijaribu dawa mpya ya utumbo unaotoa damu. Alinieleza vizuri: wagonjwa wengine watapata dawa yenyewe, wengine vidonge vya unga tu, na hakuna atakayejua nani kapata nini, hata yeye. Nikakubali, nikawa namba kumi na saba. Damu ikakata, nikanenepa, nikarudi kucheza kanisani, mkaanza kunong'ona kwamba mama amepata bwana. Aristote naye akaniona, akajua chupa gani ina dawa.

Kisha askari wakaupora mji, wazungu wenye jaribio wakakimbilia uwanja wa ndege wa Luano, naye akaniambia: "Mama, basoda balibeba dawa yote." Askari! Walibeba magodoro, friji, hata milango. Vidonge vya utumbo wangempikia nani? Juma lile lile shemeji yenu Chisanga alimwona mpakani Kasumbalesa, kwenye foleni ya malori, akimeza kutoka chupa ya namba kumi na saba. Sikushangaa. Mara ngapi aliniacha kitandani katikati ya kunipima, akatoka mbio amebana mapaja? Sisi wa ugonjwa huu tunajuana kwa mwendo. Angeniambia, tungegawana. Alimeza peke yake, na mimi huyu hapa, namwaga damu.

Atakuja kilioni, anapenda kuonekana. Vidonge vimemwishia, amekonda kama ufagio. Msimtukane. Mkitoka makaburini, mpeni kiti cha mbele, katikati ya wamama, mumpakulie maharage na sombe ya majani ya muhogo yenye pilipili, mumwongeze tena. Nono, mjukuu wangu, siku hiyo ninyi wajukuu mna ruhusa ya kuvaa nguo za marehemu na kuchekesha, na hakuna wa kuwakasirikia: vaa kitenge changu, kila akiinuka mkalishe. "Docteur, kaa kwanza, numéro dix-sept, ule wa kumi na saba, iko anauliza: dawa yake ilikuwa tamu?" Hadi ajibu mbele ya wote.

Ninyi mtaenda choo cha jirani, Mama Dorcelle. Nimeshamwambia asimfungulie Daktari. Chetu kina kufuli, na ufunguo... huu hapa, kiganjani.

Mungu awalinde, wanangu, awape matumbo yaliyotulia, na watoto wenu... maji, Bénit. Kidogo tu.

Graciella, acha kunivuta vidole. Nizikeni nao.